Honi Moja Kaza, Honi Mbili Legeza

Kituo cha Juu,
6 Januari

Mpwa wangu Kengele,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha simu yangu ya mkononi, kilichotokea ghafla juzi asubuhi ndani ya ndoo ya kuoshea madirisha ya mabehewa. Marehemu alikuwa ameugua kwa muda mrefu: kioo kilikuwa na ufa, na namba tano ilikuwa haibonyezeki. Ameacha chaja moja na mwenye mali mmoja asiye na machozi. Mazishi yamekwisha kufanyika kwenye droo ya jikoni. Habari ziwafikie mama yako, mafundi simu wote, na wale jamaa wanaonitumia ujumbe kila wiki kwamba nimeshinda gari.

Baada ya tanzia hiyo, pokea salamu. Mimi sijambo. Mgongo unanung'unika lakini nimeuzoea. Paka amezaa tena ndani ya kapu la matambara ya kufutia mafuta, na sasa kila nikitaka tambara natazamwa kama mwizi. Dada yangu hajambo? Goti lake je?

Kutokana na msiba uliotupata, naona tuwe tunaandikiana barua. Usihangaike kutafuta simu nyingine. Mtu akiandika anafikiri kwanza. Kwenye simu watu wanapiga kelele "haloo, haloo, unanisikia?" mpaka salio linakwisha, halafu wanasema wamezungumza.

Sasa habari za kazini. Treni yetu, hii hii uliyokuwa ukiionea aibu shuleni kwa sababu watoto walikuwa wanakimbia kando yake mpaka wanaipita, imekuwa urithi. Mimi pia nilishangaa. Kumbe kitu kikichelewa kufa vya kutosha kinaanza kuheshimiwa. Meneja mpya alitukusanya karakana akatuhutubia, na hotuba yenyewe ameibandika ubaoni: kwamba reli nyembamba za milimani zenye injini ya mvuke zimebaki chache duniani, kwamba Kamati ya Urithi itakuja kutukagua mwezi wa saba siku ya maadhimisho, na kwamba wakikuta kitu kimoja cha kisasa tumekwisha. Fundi wa karakana akatia neno, watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Sijui alisema nini, lakini yule fundi hajawahi kusema la maana.

Kwa hiyo breki zinabaki zilezile za mkono. Mji unasahaulisha, basi nikukumbushe. Treni ikiteremka, dereva akipiga honi moja, washika breki tunazungusha usukani na kukaza, kila mmoja kwenye kibaraza cha behewa lake. Honi mbili, tunalegeza. Honi tatu za harakaharaka, kaza kwa roho yako yote. Behewa la mbele yuko Jaji, la nyuma niko mimi. Hao ndio washika breki, hakuna wengine. Wageni wanapanda mlima mzima ili waisikie honi tu. Wanainua simu zao juu kuirekodi, macho wamefumba, kama wanaombewa.

Honi yenyewe naona imepungua nguvu. Nimemwambia dereva aiangalie. Anasema haina kitu.

Ni mimi,
Mjomba wako

*

Mjini,
29 Januari

Shikamoo Mjomba,

Pole sana kwa msiba. Nimemsomea Mama ile tanzia yako, akacheka mpaka akashika goti, halafu akasema, "Mwambie huyo ndugu yangu simu haifi kwenye ndoo. Simu inazamishwa." Nafikisha kama nilivyotumwa.

Sisi wazima. Goti la Mama daktari amelitazama kwenye picha akasema limekula chumvi nyingi. Mama akamjibu kwamba hata yeye mwenyewe amekula chumvi nyingi na bado anapika, kwa hiyo goti nalo lifanye kazi. Kazini kwangu ni kama ulivyopaacha: chumba cha simu cha hospitali, hakina dirisha, tuko watatu na feni moja inayotazama ukutani. Kutwa nzima nasikia sauti za watu. Huyu anatafuta wodi ya wazazi, yule anatafuta chumba cha maiti, na kuna bwana mmoja anapiga kila Ijumaa kuuliza kama tunauza mayai. Zamani nilikuwa namkatia. Siku hizi namwambia yamekwisha, aangalie wiki ijayo.

Nakuambia haya ili ujue kwamba sauti ndizo zinazonilisha. Siku ya mwisho tulipozungumza, kabla marehemu hajaingia ndooni, nilikuuliza kama kidonda cha mguu kimepona. Ukanijibu, "Nyanya zimepanda sana." Nilidhani ni mtandao. Nikakuuliza tena, ukasema, "Haya, mama, na wewe pia," ukakata.

Nimekununulia simu nyingine, yenye spika kubwa. Nimempa dereva wa lori la vifurushi. Ukiipata nipigie, mara moja tu, nisikie sauti yako.

Mama amesikia habari za maadhimisho redioni na hana neno jingine. Anataka kupanda. Anasema amezaliwa pale juu, baba yenu alikuwa mlinzi wa tangi la maji, na hawezi kukaa chini huku wageni wakipanda kuangalia tangi la baba yake. Nimemwambia goti. Ameniambia treni haina ngazi nyingi.

Mpwa wako,
Kengele

*

Kituo cha Juu,
2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Simu imefika, nzuri sana, inang'aa kama kiatu cha meneja. Nimempa muuza tiketi anitunzie kwa sababu koti lake lina mfuko wenye zipu. Akisikia unapiga ataniambia. Sijui kama umepiga.

Watoto wa paka wamefumbua macho. Mmoja anafanana na meneja.

Mwambie Dada nimeshamwandikisha. Kila mfanyakazi amepewa nafasi ya ndugu mmoja siku ya maadhimisho, nami nimemwekea kiti cha dirishani, behewa langu, upande wa tangi. Atapanda asubuhi, ale mchana kwangu, alasiri ateremke nami. Nitamtilia mto.

Hapa wageni wanaongezeka. Wanapiga picha kila kitu: kuni, makaa, fulana ya mchochea moto. Juzi bibi mmoja aliniomba nisitabasamu, eti enzi hizo watu walikuwa hawatabasamu. Nikamtazama kwa huzuni ya kihistoria, akafurahi mno.

Kuna jambo dogo lilitokea wiki iliyopita, nakuambia mwenyewe usije ukalisikia kwa watu wakalikuza. Tulikuwa tunateremka, mvua imenyesha, reli ina utelezi. Pale kabla ya Kituo cha Kati penye kona ya mwamba, treni ikapata mwendo kidogo. Ikapita kituo. Ikapita na tangi la kituo. Ikaja kusimama karibu na bustani ya kabichi ya mlinda njia, naye alikuwa amesimama na jembe mkononi akitutazama kama tumekuja kununua. Mgeni mmoja, mama wa makamo, aliteguka kifundo cha mkono. Wengine wote wakapiga makofi. Walidhani ndiyo tiketi waliyolipia.

Dereva alishuka ametoa macho, anafoka, anarusha mikono. Nilimwacha amalize. Meneja ameandika kwamba sababu ni utelezi, na kwa kweli utelezi ulikuwepo. Ukitaka sababu nyingine, ni Jaji. Siku hiyo alichelewa kidogo. Jaji unamkumbuka, yule mrefu. Tunamwita hivyo kwa sababu humwambii kitu akakujibu. Anakutazama mpaka umalize, anatikisa kichwa polepole, anaondoka, nawe unabaki unajiuliza umeshinda kesi au umefungwa. Ni mtu makini kuliko wote mlimani hapa. Lakini hata mtu makini ana siku yake.

Basi, ni hayo tu.

Mjomba

*

Mjini,
14 Machi

Shikamoo Mjomba,

Sisi wazima, Mama anawasalimu wote, na hii haitakuwa barua ndefu.

Nilipiga ile simu. Alipokea muuza tiketi. Nikamwambia naomba kuzungumza na Mjomba, akasema, "Yuko hapa hapa, tumekaa benchi moja." Nikamsikia anakuita. Akakuita tena. Akakuita mara ya tatu kwa sauti iliyowafanya wenzangu wawili hapa wageuke kunitazama. Halafu akarudi kwenye simu akasema, "Dada, mjomba wako yuko mbali kidogo."

Mbali wapi, Mjomba? Kwenye benchi?

Treni kupita kituo ndiyo jambo dogo? Nimeisoma barua yako chumbani, nimeisoma kwenye basi, na kila mara nakwama mahali pamoja. Unasema Jaji alichelewa. Sawa. Jaji akichelewa, wewe kwa nini uchelewe? Honi haikupigwa kwa ajili ya Jaji peke yake. Dereva alipiga tatu, lazima alipiga tatu, ungekuwa wewe ungepiga ngapi? Nyumba yako ipo hatua chache kutoka kwenye reli na mimi nimelala humo miaka yote ya shule. Honi ile ilikuwa inatikisa vikombe kabatini. Sasa wewe unasema imepungua nguvu na dereva anasema haina kitu.

Nakuuliza swali moja. Honi unaisikia? Nijibu ndiyo au hapana. Usinijibu habari za paka.

Kengele

*

Kituo cha Juu,
20 Mei

Mpwa wangu Kengele,

Paka hajambo. Watoto wote wamepata wenyewe isipokuwa yule anayefanana na meneja.

Utaniambia nimekaa muda mrefu bila kujibu. Posta wana mambo yao, na kalamu iliisha wino, na mwezi wa nne tulikuwa na wageni wengi. Chagua mojawapo.

Hapana.

Umetaka ndiyo au hapana, nimekupa. Sasa na wewe nipe nafasi nijieleze, maana hata mwizi wa kuku anaulizwa alikuwa na njaa gani.

Masikio hayakuondoka siku moja. Kwanza walikwenda ndege wa asubuhi, nikadhani wamehama. Halafu ikaenda saa ya ukutani, nikaipeleka kwa fundi. Fundi akasema ni nzima, nikamwona tapeli. Halafu watu wakaanza kunong'ona, kila mtu, hata stesheni masta ambaye tangu azaliwe hajui kunong'ona. Mwisho ikabaki honi. Nikajiambia honi haitaniacha, tumetoka mbali. Nayo ikawa inarudi nyuma kidogo kila mwezi, mpaka siku moja nikauona mvuke unaruka juu ya injini, mweupe, mzuri, na hakuna kilichofuata.

Lakini usidhani nateremsha watu kwa kubahatisha. Masikio ninayo, tena mazuri kuliko ya wengi. Ila yamekaa kwenye kichwa cha Jaji. Kwa kanuni ya zamani mshika breki wa mbele anakaa uso nyuma, ili aone kama behewa la nyuma limekatika. Mimi nakaa uso mbele. Kati yetu kuna vioo viwili vya milango, na ndiyo sababu naviosha mwenyewe kila asubuhi. Bega lake la kulia likishuka, anakaza, nami nakaza. Likipanda, analegeza, nami nalegeza. Nimekuwa hivyo miaka mingi, na mpaka ile siku ya kabichi hakuna mgeni aliyemwaga hata chai. Mtu mwenye masikio yake anaweza kusinzia, kuwaza deni, kuwaza mke. Mimi siwezi kuwaza kitu. Natazama bega.

Unaniuliza kwa nini sisemi. Kengele, nyumba hii ni ya reli. Ni ya mshika breki. Anayeacha kazi anatoka na godoro lake. Humu ndimo nilimokulea wewe, Dada alipokwenda kutafuta kazi mjini, ukuta wa jikoni bado una alama nilizokuwa nakupimia urefu, na rangi sijaipaka kwa sababu hiyo. Sina mke, sina shamba. Nina usukani wa breki na jiko lenye mlango mbovu.

Usimwambie mama yako. Sikuombi kingine.

Mjomba

*

Mjini,
1 Juni

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeipokea, na ile "Hapana" iliyokaa peke yake nimeikuta nikiwa kwenye foleni ya mkate. Nilitoka kwenye foleni.

Hapa Mama ameshona gauni. Ameshona la buluu ili litokee vizuri kwenye picha za wageni. Amenunua viatu visivyo na kisigino na anavitembelea ndani kila jioni, kutoka kitandani mpaka jikoni, anavilainisha. Jana aliniita.

"Njoo uone, napanda ngazi ya treni." Amepanda juu ya kigoda.

"Mama, shuka."

"Mjomba wako ameniwekea mto, unajua? Na dirisha. Mtu ana ndugu wa kumwekea dirisha, wewe unamwambia ashuke."

Nikamwambia safari ni ndefu, mteremko ni mkali. Akasema, "Mteremko nitakuwa na ndugu yangu kwenye breki." Sijamwambia. Umeniomba nisimwambie, nami nimekaa na hilo jambo kama mtu aliyemeza kijiko.

Mjomba, kuna kitu ulinifundisha wewe mwenyewe, nikiwa sijaanza hata darasa la kwanza. Ulinisimamisha pale penye kivuko cha reli ukaniambia nisivuke kamwe kwa sababu nimemwona mtu mwingine anavuka. Ukasema kila mtu avuke kwa masikio yake. Nilivuka siku moja nyuma ya mama muuza mboga bila kusikiliza, ukanirudisha nikavuka upya, mara nyingi, mpaka nikalia, na treni yenyewe haikuwepo. Sasa wewe unateremsha mabehewa mawili ya watu kwa kumtazama mtu bega. Na siku ile bega lilipochelewa, ilikuwaje?

Nina mama mmoja. Huyo mama ni dada yako, na wewe una dada mmoja. Nakuomba uende kwa stesheni masta mwenyewe, kabla mwezi huu haujaisha, umwambie kwa mdomo wako. Njoo ukae kwetu. Chumba kipo, ukuta hauna alama lakini una dirisha. Usipokwenda wewe, nitakwenda mimi.

Kengele

*

Kituo cha Juu,
12 Juni

Mpwa wangu,

Wote wazima huku.

Maadhimisho ni siku moja tu. Niache niishike breki siku hiyo dada yangu akiwa amekaa dirishani, nimteremshe salama, halafu kesho yake asubuhi nitaenda kwa stesheni masta kwa miguu yangu na kofia mkononi. Nitastaafu kama watu wanavyostaafu, kwa saa ya ukutani ambayo sitaisikia na keki. Nimemfuatilia Jaji tangu siku ile ya kabichi. Hajachelewa tena hata mara moja.

Usipige simu, Kengele.

Mjomba

*

Mjini,
24 Juni

Shikamoo Mjomba,

Huku mvua haikatiki. Ilianza Jumapili kidogokidogo, tukadhani itapita, Jumatatu ikaja na upepo, ikang'oa bati la choo cha jirani na kulitua kwenye kamba yetu ya nguo. Jirani amekuja kulidai kama vile tumelikopa. Barabara ya kwenda hospitali imejaa maji, tunavua viatu, tunavaa tena mlangoni. Feni ya chumba cha simu imeharibika, lakini kwa baridi hii hakuna aliyegundua mpaka fundi alipokuja kuitengeneza. Bwana wa mayai hakupiga Ijumaa, tukawa na wasiwasi. Kapiga Jumamosi, tukashangilia.

Goti la Mama baridi inalisumbua. Tunalikanda kwa maji ya moto.

Nilimwambia Mama. Najua uliniomba. Nilimwambia nikiwa namkanda, kwa sababu hapo hawezi kusimama akaondoka. Nilidhani atalia. Aliniuliza tu, "Tangu lini?" Nikasema miaka. Akasema, "Huyo hajawahi kunisikia tangu ana masikio mazima." Nikamwambia, basi Mama, hutapanda. Akanitazama kama mtoto aliyekosa adabu.

"Nani kasema sipandi? Nitapanda. Na nitakaa palepale aliponiwekea."

"Mama, si unaelewa nilichokuambia?"

"Nimeelewa. Kama atamwangusha mtu, aanze na mimi. Hawezi kuniangusha mimi, namjua."

Nilikuwa nimeweka tumaini langu kwake, kwamba akijua atakataa, nami sitahitaji kufanya zaidi. Sikuwa nimepanga jambo jingine baada ya hapo.

Ujifunike vizuri usiku, Mjomba.

Kengele

N.B. Nilipiga simu Jumanne. Nilizungumza na stesheni masta.

*

Kituo cha Juu,
19 Julai

Kwa Mpokea Simu wa Hospitali,

Barua yako ilikuwa na mvua ukurasa mzima. Nilijua kabla sijafika chini. Mtu haandiki mvua kiasi hicho kama hajafanya jambo.

Mama yako hajambo. Amekaa jikoni kwangu ninapoandika, na gauni lake la buluu, anaongea na sufuria, na mara mojamoja anageuka ananiambia kitu nami natikisa kichwa. Alipanda kama alivyoapa. Kwenye usukani wa behewa langu walimweka fundi wa karakana, na kwenye lile la mbele binamu yake, nao walikaza na kulegeza vizuri tu, nimewaangalia nikiwa nimesimama kwenye jukwaa la kituo, na sikufurahi. Kamati ya Urithi iliteremka na treni hiyohiyo ikarudi na tabasamu. Waliisifu zaidi honi. Meneja amenikumbatia, sijui kwa nini. Nyumba nairudisha mwisho wa mwezi ujao. Dada amekataa kuteremka peke yake, anasema atasubiri ateremke na godoro langu. Nitakuja kukaa kwako, chumba chenye dirisha. Sijakusamehe, lakini kukaa nitakaa.

Alama zile za ukutani nimezinakili kwenye ubao. Nitakuja nao. Usiniulize.

Kuna jambo mama yako hajui na wewe hujui, nalo ndilo lililonichelewesha. Nilitaka nikae nalo kwanza.

Siku nne baada ya simu yako walileta muuguzi. Alikuja na kisanduku chenye vidude vya kuvaa masikioni. Kanuni yake ni kwamba ukisikia mlio unainua mkono. Niliinua mkono mara nyingi, kwa ukarimu. Baadaye muuguzi akamwonyesha stesheni masta kwamba nilianza kuinua kabla hajakiwasha.

Hapo meneja akachukua karatasi kubwa akaniandikia, maana tangu siku hiyo kila mtu ananiandikia, nimekuwa kama ofisi: UMEHATARISHA MAISHA YA ABIRIA. Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa, Kengele, nilikuwa nimejiandaa miaka. Nikavua kofia nikawaambia kwamba sijawahi kuteremsha treni hii bila masikio, hata siku moja. Nikawaeleza yote: vioo viwili, bega la kulia, uso mbele na uso nyuma. Nikawaambia siku ya kabichi ni Jaji aliyechelewa na bado sikumtaja kwa mtu isipokuwa kwa mpwa wangu. Nikasema kama mnanifukuza nifukuzeni, lakini muandike kwamba behewa la nyuma lilikuwa linaongozwa na masikio bora kuliko yote ya mlima huu. Nikasema, mpimeni Jaji muone.

Stesheni masta akamtazama meneja. Jaji alikuwa amekaa benchi la ukutani, mikono magotini, ametulia kama kawaida yake. Wakamvisha.

Muuguzi akabonyeza. Jaji akamtazama, akatikisa kichwa polepole. Muuguzi akaongeza. Jaji akatikisa kichwa. Akaongeza mpaka nikamwona stesheni masta, aliyekuwa mlangoni, anaziba masikio yake. Jaji akatikisa kichwa.

Wakamwekea karatasi mbele, wakamwandikia swali: kama husikii, unajuaje wakati wa kukaza?

Jaji akaisoma karatasi yote, hana haraka. Halafu akasema kitu, kifupi. Stesheni masta akageuka akaniandikia mimi kwa chini alichosema, kwa herufi kubwa.

Alisema ananitazama mimi.

Mjomba